Kidole kimechoka, akili bado imelala

Jumamosi usiku nilipoteza mji kwa kubofya haraka haraka. Gemu lenyewe, la kujenga himaya, sitalitaja. Nilikuwa zamu ya mia tatu na kitu, vibarua kumi na tisa wamejipanga, kila mmoja ananiuliza ajenge nini, nami nikawa nagonga "ruka, ruka, ruka" bila hata kusoma. Mmoja wa niliowaruka hakuwa kibarua. Ulikuwa mzinga uliotakiwa kukimaliza kikosi cha adui kilichobakiza pumzi moja langoni. Zamu iliyofuata, bendera ya mji si yangu tena.

Magemu ya mikakati ya kuchezwa kwa zamu yana ugonjwa huu wa mibofyo mingi isiyo na uamuzi tangu Civilization ya kwanza, gemu la kujenga himaya la mwaka 1991. Mwanzoni raha tupu: mji mmoja, askari mmoja, kila hatua ina uzito. Ukifikisha miji kumi, umeshakuwa karani wa kugonga mihuri.

Kwangu mimi mbofyo halali ni ule unaobeba uamuzi. Wacheza bao wanalijua hili siku nyingi. Ukishachagua shimo na upande, karibu kila mara kete zinafuata kanuni mpaka ya mwisho ilale. Mkono unazunguka, lakini uamuzi ulikuwa mmoja. Bao la kwenye simu unaligusa mara moja tu, kete zinajitembeza, na sijasikia mtu akidai ameporwa mchezo.

Sasa linganisha na uchafuzi wa Civilization II na III. Miji ikishanenepa na viwanda, vipande vya ardhi vinachafuka. Unatuma vibarua wakasafishe, kabla hawajamaliza kimechafuka kingine. Kulikuwa na nini cha kuamua pale? Nani angeacha uchafu shambani kwake? Civilization IV (2005) iliufuta utaratibu wote ule, ikaweka afya ya mji ambayo unaitazama kwa jicho moja. Sikumbuki mtu aliyelia.

Wengi hukimbilia dawa nyingine: waachie vibarua wajiendeshe. Nimeijaribu, hata kwenye Freeciv, gemu la bure linalofanana na Civilization, na siipendi. Unaondoa mbofyo na uamuzi kwa pamoja, halafu unabaki kushangaa nani kajenga mgodi hapa. Napendelea njia ya Civilization VI: kibarua anajenga mara tatu tu, papo hapo, kisha anatoweka; barabara inatandikwa na mfanyabiashara anapopita na mizigo yake. Mibofyo imepungua, na kila uliobaki una uzito.

Ila Civilization VI hiyo hiyo ilitoka 2016 bila foleni ya uzalishaji, yaani orodha ya kazi unazoupangia mji mapema, kitu ambacho Civilization III ilikuwa nacho tangu 2001. Kila mji ukimaliza kazi unarudi kukuuliza. Sisi wa Dar tunaolaani foleni kila asubuhi tuliisubiri hiyo moja zaidi ya miaka miwili, hadi 2019.

Vita navyo vina kesi yake. Civilization V (2010) iliamua kigae kimoja cha ramani kibebe kikosi kimoja cha vita. Mapigano yakanoga, safari zikawa msiba: vikosi 12, njia nyembamba milimani, wa mbele akisimama wote wanasahau waliagizwa wapi. Civilization VII ya 2025 imeleta kamanda anayevibeba vikosi, anatembea navyo kama mtu mmoja, anavishusha uwanjani. Kwa gemu ambalo vitufe na menyu zake zililalamikiwa sana lilipotoka, hili wamelipatia.

Mimi siku hizi nacheza zaidi Unciv, gemu la simu linaloiga Civilization V, kwenye daladala: ya bure, haina haja ya intaneti. Kwa kidole gumba kosa ni rahisi mno, ndiyo maana napenda magemu ya mikakati kama Battle for Wesnoth na Old World, ambako hatua uliyokosea mara nyingi unaweza kuitendua. Kwenye skrini ndogo hiyo ni lazima, si anasa.

Lakini Jumamosi ile wala sikuhitaji kutendua. Ingetosha kitufe cha "ruka" kibadilike rangi pale anayerukwa amesimama mbele ya adui na risasi anazo.