Jarida la karatasi na DVD yake

Nililikuta Ngamiani, hapa Tanga, kwa muuza vitabu vya mitumba, limebanwa kati ya mwongozo wa pikipiki na kamusi isiyo na jalada. Jarida la Linux, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kutoka Uingereza, shilingi elfu mbili, DVD bado imeganda kwa gundi kwenye jalada. Sikumwomba hata apunguze bei.

Vijana wa siku hizi hawajui ile DVD ilikuwa nini kwetu. Mfumo mzima wa kompyuta, bila kununua bando! Kupakua kitu cha ukubwa ule intaneti kafe ilikuwa kazi ya kukesha, na umeme ukikatika saa nane usiku, unaanza upya. Kweli, kampuni ya Canonical walikuwa wakituma CD za Ubuntu, aina yao ya Linux, bure kwa posta, kuanzia 2005 hadi walipoacha 2011. Lakini CD peke yake ni bubu. Jarida lilileta diski pamoja na mwalimu wake.

Na mwalimu yule hakubali uvivu. Kwenye skrini unanakili, unabandika, kazi imekwisha na hujajifunza kitu. Karatasi hainakiliki kwa kipanya. Nilikaa barazani, laptopu magotini, ukurasa nimeukandamiza kwa kikombe cha kahawa usipeperushwe na kusi, nikaandika amri herufi moja moja. Mstari wa tatu mashine ikagoma. Nikarudi kwenye ukurasa nikifuatisha kwa kidole mpaka nikaona: nilisahau nafasi baada ya grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Nafasi moja tu, na kahawa ilikuwa imeshapoa.

Wapo wanaosema habari za kompyuta zikichapwa zinachacha kabla hazijafika Tanga. Zile za matoleo mapya, sawa, zinachacha. Ila grep ni ya miaka ya 1970, vi, programu ya kuandikia, ni ya 1976, na zote mbili nimezitumia leo asubuhi.

Biashara yenyewe ni ngumu, sikatai. Linux Journal lilianza 1994, mwaka uleule Linux ilipofika toleo la 1.0, na 2011 likaachana na karatasi. Walionivutia zaidi ni Linux Voice, walioanza 2014 kwa michango ya wasomaji. Hao waliahidi kwamba baada ya miezi tisa makala zao zitakuwa huria, yeyote anakili na kusambaza. Waliandika habari za programu huria, na maandishi nayo wakayafanya huria.

Sasa kwa nini tusiwe na letu? Gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa hapahapa Tanga, shuleni, enzi za Mjerumani. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi, menyu zote kwa Kiswahili, kwa hiyo asituambie mtu kwamba maneno hayapo. Kurasa kumi na sita, nyeusi na nyeupe, zipigwe pini pale steshenari. Mimi nanunua, na mafundi wa simu pale sokoni wangenunua kabla yangu.

Lile langu kaliazima kijana wa Barabara ya Kumi na Mbili, akidai anataka ukurasa mmoja tu. Hii ni wiki ya tatu. Nasikia limeshafika Muheza.