Tiruppur: Watu Wamejaa, Uzazi Umepungua

Likitajwa ongezeko la watu India, lawama huangukia uzazi. Lakini Tiruppur, wilaya ya viwanda jimboni Tamil Nadu, haijajazwa na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21 ulionyesha kuwa mwanamke wa jimbo hilo huzaa wastani wa watoto 1.8, wakati Bihar, jimbo la kaskazini, ni 3. Sensa ya 2011 ilihesabu wilayani humo watu karibu milioni 2.5, na tangu hapo vijana kutoka Bihar, Odisha na Jharkhand wamezidi kumiminika kushona fulana zinazouzwa Ulaya na Marekani.

Neema ipo, tusiikane. Wadaliti, watu wanaowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, waliofanya kibarua mashambani mwa matajiri wa tabaka la Gounder, wengi wakifungwa na madeni, walipata pa kukimbilia. Ni kweli kwamba wenye viwanda wengi ni Gounder hao hao, lakini fundi wa cherehani asiyeridhika huhamia kiwanda cha pili. Baba yake shambani hakuwa na uhuru huo.

Kwa wanawake hesabu ni ngumu zaidi. Wengi hukata nyuzi na kukagua fulana kwa ujira mdogo kuliko wa mafundi wanaume. Katika viwanda vya kusokota uzi, wasichana waliingizwa kwenye mpango wa Sumangali: miaka mitatu bwenini, malipo makubwa yakisubiri mwisho wa mkataba ili yawe mahari, ambayo huko hutolewa na upande wa bibi harusi. Aliyeugua katikati aliweza kuyakosa. Huo siwezi kuuita ukombozi.

Mto Noyyal nao uliumia. Kutia pamba rangi hutumia chumvi nyingi, na maji yenye chumvi hiyo yalitiririka hadi bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kwa ajili ya umwagiliaji, yakaharibu mashamba. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya rangi vifungwe. Wakulima walistahili hukumu hiyo mapema zaidi, ingawa vibarua wengi walipoteza kazi.

Kwangu, kosa kubwa ni kuwaita watu kazini bila kuwapangia maisha. Sensa ya 2021 iliahirishwa, kwa hiyo maji, shule na nyumba vimeendelea kupangwa kwa takwimu za 2011. Machi 2023, video za uongo kuhusu Wabihari kushambuliwa Tamil Nadu zilipoenea, baadhi yao walirudi kwao, na wenye viwanda wakahaha kuwabakiza. Hofu hiyo ilionyesha wazi nani anaibeba Tiruppur. Mtu huyo bado analala chumba kimoja na wenzake kadhaa, na mtoto wake anafundishwa kwa Kitamil asichokielewa.