Hata sifuri iandikwe

Desemba, jua la Birmingham huzama kabla ya saa kumi jioni. Dar muda huo ni saa moja kasoro, na taa za barazani kule Gongo la Mboto zimeshawashwa. Kwa wiki chache kila mwaka giza linatufikia karibu kwa pamoja, mimi huku na mama kule, na huo ndio wakati ninaotoka bustanini na mtego wangu.

Mtego ni sanduku la mbao. Juu kuna taa ya mwanga wa zambarau, chini ya taa kuna faneli, na ndani nimepanga trei za mayai, zilezile za muuza chipsi. Nondo hufuata mwanga, huteleza ndani, hujibanza kwenye vishimo vya trei na kutulia. Asubuhi nawatoa mmojammoja, nawatambua, naandika, kisha nawaachia kichakani ndege wasipowaona. Nondo ninaowasema ni wadudu. Nyumbani neno hilo limechukuliwa na vyuma vya ujenzi, na mdudu mwenyewe kabakiwa na sifa moja ya kula nguo kabatini, ingawa walio wengi kabisa hawagusi nguo. Hilo linaniuma zaidi ya watu wanavyodhani. Kiumbe asiye na jina hahesabiwi.

Usiku mwingi wa baridi hauna kitu. Oktoba bado wanakuja, lakini kufika katikati ya Desemba nahesabu wawili, mmoja, hakuna. Msimu uliopita nilikuwa na Ijumaa nne mfululizo za sifuri, vidole vimekufa ganzi, utando wa barafu umeshika juu ya sanduku. Aliyenifundisha kazi hii ni mzee mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na tangu siku ya kwanza alinisisitizia jambo moja: sifuri nayo iandike. Usiku uliowasha taa asije hata mmoja ni habari kamili. Usiku ambao hukuwasha taa si habari. Ukivichanganya viwili hivyo, au ukiandika siku za neema peke yake, daftari litawadanganya watakaokuja baada yako.

Sikumwelewa mpaka nilipokutana na nondo wa baridi, ambaye wataalamu humwita Operophtera brumata. Huyu hujitokeza Novemba na Desemba, wengine hadi Januari, popo wakiwa wamelala usingizi wao wa miezi na mbayuwayu wameshakuja huko kwetu. Dume ana mabawa mapana kwa mwili mwepesi, anaruka hata hewa ikikaribia kuganda. Jike hana mabawa ya kurukia, yamebaki vijipande tu. Anatoka ardhini chini ya mti na kuanza kupanda shina kwa miguu, gizani, kwenye baridi ile, na dume humkuta hukohuko shinani. Nimesimama na tochi mbele ya mwaloni mmoja nikamfuata jike kwa macho kwa karibu nusu saa. Nilimheshimu.

Mayai yake hukaa juu ya matawi msimu mzima na kuanguliwa mwaloni unapochipua, maana viwavi wanahitaji jani likiwa bado laini. Na viwavi hao ndio ndege wadogo wa misitu na bustani wanaowalishia makinda. Kwa hiyo mdudu wa Desemba anaamua kinda gani atashiba Mei. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, watafiti walimhesabu huyuhuyu mwaka hadi mwaka kuanzia 1950 hadi 1968. Leo majira yanapowahi kupata joto, watu wana hesabu za zamani za kulinganishia.

Hapo ndipo ninapowasifu Waingereza bila kubania. Kituo cha utafiti cha Rothamsted kina mtandao wa mitego ya taa nchi nzima tangu 1968, na mpango wa bustani za watu wa kawaida ulioanza 2003 hapa West Midlands sasa una tawi lake la miezi ya baridi. Wanaohesabu ni mafundi bomba, walimu, wajane. Ripoti ya mwaka 2021 iliyotumia hesabu za mitego ilionyesha kwamba kati ya 1968 na 2017 idadi ya nondo wakubwa wanaonaswa ilishuka kwa asilimia 33. Nilipoisoma nilihuzunika kama mtu aliyepokea habari za msiba wa mtaa aliohamia juzi. Hawa wenzetu wanajua walichopoteza kwa sababu kuna watu waliotoka nje usiku wa Januari na kuandika sifuri.

Sasa niseme la nyumbani. Nimekulia Gongo la Mboto, barabara ya kwenda Pugu, enzi ambazo mvua za vuli zikianza ukuta wa baraza ulijaa wadudu. Kumbikumbi walikuja kwa fujo, mijusi wakanenepa, na katikati yao walikuwepo nondo wakubwa wa kahawia wenye alama za macho kwenye mabawa. Mkubwa kama huyo akiingia ndani bibi alikataza kumuua: huyo ni mgeni, au analeta habari za mgeni. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikuwa pale, mwendo wa daladala. Sisi tulikuwa tunaishi ndani ya utajiri ambao mzee wangu wa Birmingham angelipa nauli kuja kuuona, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Leo nikiuliza kama wamepungua, naambiwa "naona kama wamepungua". Naona kama. Hatuna zaidi ya hapo.

Wapo wanaosema hizi ni starehe za Wazungu wasio na shida. Sikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya Kilosa vilianza kutabiri vyenyewe mashambulizi ya viwavijeshi: mtego wenye harufu ya nondo jike, kipimo cha mvua, na mwanakijiji anayehesabu madume walionaswa na kuwaambia wenzake kama wiki inayofuata shamba liko hatarini. Wakulima wa mahindi, Morogoro. Kazi hii tunaiweza. Tulichokosa Dar ni mtu wa kuifanya kwa wadudu wasiotishia mazao.

Na tuna kitu ambacho huku sikipati. Birmingham nahesabu peke yangu. Majirani wamefunga mapazia, na kwa miaka sita aliyewahi kuniuliza ninafanya nini pale bustanini ni yule mzee tu. Desemba mwaka juzi nilikuwa nyumbani, nikatundika shuka jeupe ukutani na kuweka mbele yake taa ya kukagulia noti bandia niliyonunua Kariakoo, maana mwanga wake ndio nondo wanaupenda. Dakika kumi hazikupita, watoto wa mtaa mzima walishafika, na mama wa maandazi na bodaboda wawili. Kufikia saa nne nilikuwa nimeandika nondo wa sura 43 tofauti, na majina niliyoyajua yalikuwa sita. Mmoja wa hao sita namfahamu kwa pande zote mbili: Agrius convolvuli, yule mkubwa wa kijivu mwenye milia ya waridi tumboni, mwenye mrija wa kunyonyea maua mrefu kuliko mwili wake. Viwavi wake hula matembele. Wa jamii yake huingia Uingereza kila mwisho wa kiangazi wakitokea kusini, na bustani inayompata hufurahi wiki nzima. Mama alimtazama akasema, "Huyu si ndiye anayemaliza matembele yangu?" Alikuwa anamjua siku zote.

Nilipoondoka nilimwachia binti wa dada yangu ile taa, shuka na kauntabuku, tukakubaliana kila Ijumaa kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku. Yuko kidato cha pili. Hutuma picha ya ukurasa, na majina amebuni mwenyewe pale tusipoyapata: kanga, majivu, jani la mpapai. Julai, kipupwe, upepo wa kusi ukivuma, alinitumia sifuri yake ya kwanza, akaipigia mstari chini.

Ijumaa iliyopita ujumbe ulikuja mapema. "Shikamoo Mjomba. Umeme umekatika saa mbili na dakika tano na haujarudi. Leo nimeacha wazi, sijaandika sifuri."