Kibao mita 10 kabla ya kifusi

Hivi wanaopanga njia za muda kwenye ujenzi wa barabara wamewahi kupita hapo usiku? Juzi natoka zangu kazini, pale wanapopanua barabara ya mtaani kwetu hapa Dar, nakutana na kibao cha "MCHEPUKO" (acheni kucheka) mita kama 10 kabla ya kifusi. Ukiwa kwenye 50, mwendo halali wa maeneo ya makazi, gari linakata karibu mita 14 kwa sekunde. Yaani ukikisoma tu, umeshafika! Tena kimejaa vumbi, hakiwaki hata ukikimulika. Mbele yake pipa limelala chali na tawi la mwarobaini limechomekwa kwenye mchanga. Ndiyo usalama huo.

Mchana kuna vijana wawili wa bendera. Wa huku kanyanyua kijani, wa kule naye kijani. Redio za upepo hawana, wanapigiana miluzi! Daladala na lori la kokoto wakagandana uso kwa uso, bodaboda wakahamia kwa waenda kwa miguu, na mama mwenye ndoo ya samaki kichwani akaishia kupita mtaroni.

Jioni wanafunga kazi, bendera wanaondoka nazo. Shimo linabaki.