Bata wa Neema

Neema alipokaribia kutimiza mwaka mmoja, niliitangazia nyumba nzima kwamba zawadi nitachagua mimi. Mama mkwe alikuwa ameshatoka Birere, hapa kwetu Goma, na pakiti ya baluni. Nikazikataa kwa heshima zote. "Mama, baluni ikipasuka, kipande huvutwa na pumzi na kuziba koo kama kifuniko cha chungu. Kinajikunja kufuata umbo la koo, hata umpige mtoto mgongoni hakitoki kirahisi."

Akafunga pakiti yake kwenye ncha ya kitenge. "Haya, Baba Neema. Wewe ndiye munganga."

Soko la Virunga nilikwenda na silaha yangu: lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya choo ikiisha. Upana wake wa ndani ni kama sentimita 4. Kichezeo, au kipande chake chochote, kikizama humo, mtoto wa chini ya miaka 3 hapewi. (Kipimo cha maabara ni milimita 31.7, kwa hiyo bomba langu hukataa vingi zaidi. Ndivyo ninavyopenda.) Wauzaji waliponiona natumbukiza vigari na tumbili kwenye bomba la chooni, walianza kuitana.

Nilirudi na dubu wa manyoya na bata wa plastiki anayeimba.

Macho ya dubu yalikuwa ya plastiki, makubwa kama vifungo vya koti. Ulaya jicho la namna hiyo huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 90, karibu uzito wa kilo 9, kwa sekunde 10. Mimi sina maabara, nina bidoni. Nikatia maji lita 9, nikalibana jicho kwa koleo, koleo nikalifunga kwenye bidoni kwa kamba, dubu nikamning'iniza kwenye mpera. Sekunde ya 4 jicho liling'oka, bidoni ikanishukia kwenye kidole gumba cha mguu. Dubu alifeli, mimi nikachechemea.

Bata alifaulu. Macho yamechorwa, hana cha kung'oka, na betri zake 3 za kifungo zimefungiwa kwa skrubu. Hapo sina mzaha: betri kama hiyo ikikwama kooni huweza kuunguza nyama ndani ya saa 2 tu, maana umajimaji wa koo hupitisha umeme, na upande hasi wa betri hutengeneza magadi makali. Basi nikaikaza skrubu. Nikaikaza tena. Mara ya tatu ule msalaba wa kichwani ukageuka shimo la duara.

Kitu kimoja tu sikukijaribu: swichi.

Saa 8 usiku bata akaanza kuimba, na hakunyamaza. Mama mkwe alitoka chumbani amejifunga kitenge, kibegi mkononi. "Nyiragongo imeamka tena?" Tangu volkeno hiyo ilipolipuka Mei 2021 halali bila kibegi hicho kando ya kitanda.

"Hapana, Mama. Ni bata."

Kumponda kwa jiwe kungekuwa rahisi, Goma mawe ya volkeno si ya kutafuta. Lakini betri zingetawanyika sakafuni pamoja na vipande vikali, vyote vya kupita kwenye bomba. Kumtupa motoni haiwezekani, betri hulipuka. Nikamzika ndani ya gunia la maharage. Akaimba humo humo. Jirani akawa anagonga ukuta, na baada ya muda nikagundua anafuata mdundo.

Saa 12 asubuhi tulikuwa kwa fundi wa pikipiki. Akaitazama skrubu kwa huzuni. "Nani aliua kichwa hiki?"

Nikakohoa.

Dawa yake, akasema, ni kuweka mpira katikati ya skrubu na bisibisi, ukandamize sana, uzungushe polepole; mpira hujaza lile shimo na bisibisi inashika. Akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Kinene mno, kikateleza. Akajaribu mara tatu, bata akimwimbia.

"Hapa unatakiwa mpira mwembamba kabisa," akasema. "Kama wa baluni."

Nyuma yangu mama mkwe akaanza kufungua fundo la kitenge chake, polepole sana.