Mfupa ndani ya kizazi: ni wa nani?

Mwanamke wa Kisauni amehangaika miaka bila kushika mimba. Anapigwa picha ya ultrasaundi, panaonekana mstari mweupe ndani ya kizazi, na swali la kwanza ni: "Umewekewa koili?" Hajawekewa. Kinatolewa kipande, kinapelekwa maabara, jibu linarudi: mfupa.

Si saratani. Ni tishu iliyoota pasipo pake, jambo la nadra. Mfupa huo huzuia mimba kama koili ile ile aliyoulizwa. Ukitolewa kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi, wengi hupata mimba. Tiba basi si ngumu. Kizito ni ile karatasi ya majibu.

Asili ya mfupa ina maelezo mawili. Wapo wasemao ni mabaki ya mimba, na hoja yao ina nguvu: wengi waliogunduliwa nao waliwahi kuharibikiwa mimba au kuitoa. Wengine husema seli za kizazi chenyewe, hasa kikiwa na maambukizi ya muda mrefu, hugeuka zikajenga mfupa. Vipimo vya DNA vimekuta kwa baadhi ya wanawake kwamba mfupa ni wao wenyewe. Tena mimba ya wiki chache haijawa na mfupa wa kuacha.

Sasa andika "mabaki ya mimba", kisha karatasi isomwe na mume au, Mungu aepushe, na mavyaa. Kwa Mombasa ninayoijua mimi, habari itafika barazani kabla mwenyewe hajavuka Daraja la Nyali. Na hii ni nchi ambayo kutoa mimba bado kumo kwenye Kanuni ya Adhabu.

Daktari atanijibu kuwa bila historia hawezi kutibu. Kweli, mabaki halisi yapo, na aliyesafishwa nusunusu anahitaji kujulikana. Aulize, lakini faraghani, na mwanamke aelezwe maelezo yote mawili. Maabara nayo iandike ilichokiona, "tishu ya mfupa", asili yake ingoje uthibitisho. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na haikusema isipokuwa kwa mume. Aliyemsindikiza, hata kama ndiye aliyelipa, asubiri nje.