Jini Mla Yuniti

Hebu nambieni waungwana. Nyumba ya vyumba sita hapa Jang'ombe, mita moja ya Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, leo Magharibi tunatia yuniti, kesho Alasiri mita inalia inataka tena. Kwani inafuturu?

Kuchanga tunachanga sawa kwa sawa, na hapo ndipo fitina ilipozaliwa. Mie nna taa moja ya wati 9. Taa hiyo kwa yuniti moja inawaka zaidi ya masaa 100. Chumba cha mbele kuna bwana harusi, anachemsha maji kwa hita ya wati 1500, ndoo yake na ndoo ya mkewe. Hita hiyo ikikaa saa moja ishakula yuniti moja na nusu. Nikimwambia, ananijibu: "Ami, na wewe oa." Jawabu la umeme hilo?

Mama muuza malai, zile barafu tamu, naye anaapa friji lake linajizima lenyewe likishiba baridi. Maalim anapiga pasi kanzu za wiki nzima usiku wa Ijumaa. Tukawa kila mtu mpelelezi, ukisikia swichi inalia chumba cha pili unatega sikio.

Nikasema basi, tuzimeni kila kitu, na swichi kuu, tutizame mita. Kile kitaa chekundu kinakonyeza umeme ukipita. Kama hakuna kinachotumika, kinatulia. Tukazima. Kikakonyeza vile vile, tena kwa furaha.

Bibi wa chumba cha kati akasema: "Jini hilo." Na ushahidi anao, tangu masika yaanze bomba la bafuni ukilishika linakurusha. Ubani na udi vikachangwa papo hapo, bafu likafukizwa mpaka tukakohoa. Maalim akawa wa mwanzo kuingia kuoga. Katoka na povu kichwani, kikoi mkononi, anasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya adhana.

Ndipo akaitwa fundi. Yeye hakufukiza kitu. Kapanda darini, kashuka na jini mkononi: waya wa spika, mwembamba, umeungwa baina ya mita na swichi kuu, ndiyo maana sisi tukizima, wenyewe hauna habari. Kiungo kimefungwa mfuko wa plastiki, kitu ambacho Zanzibar kimepigwa marufuku miaka na miaka. Sijui hata wameupata wapi. Waya umelazwa juu ya bati ukachubuka, bati linagusa bomba la tangi, ikinyesha mvua umeme unateremka bafuni kutusubiri. Arthi, ya kuuteremsha umeme uliovuja ardhini, hamna, waya wake umekatwa. Na pahala pa fyuzi pamekunjwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. "Hii," kasema fundi, "itangoja nyumba iungue kwanza, kisha ndiyo ikatike."

Tukaufuata waya. Unavuka ukuta, unaingia uani kwa mwenye nyumba, mpaka kwenye freza lake la samaki. Mzee yule yule anayekuja kila mwisho wa mwezi kutuhubiria kuwa israfu ni haramu!

"Shikamoo mzee, na huu waya?"

"Marahaba wanangu. Huo wa zamani, niliuvuta wakati ule wa kiza, 2010."

Wakati ule wa kiza! Tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja hatukuwa na umeme wa gridi, watu tuliishi kwa mishumaa na majenereta. Sasa yeye alivuta nini kwetu, kiza? La ajabu, kakasirika yeye. Kwa nini fundi kapanda dari lake bila ya ruhusa? Na samaki wakioza nani atalipa?

Waya umekatwa, kitaa kimetulia, bwana harusi sasa anachemsha ndoo tatu. Kilichobaki ni kununua chuma cha arthi kichimbiwe chini, na swichi ya maana badala ya ile sigara. Pesa za ubani zilipatikana kabla hata moto wa chetezo haujashika. Za arthi, bibi anasubiri pensheni, Maalim anasubiri mshahara, mama wa malai anasubiri jua.

Mie kuoga naoga na ndara.